Sanamu ya Askari na Majina Yasiyoandikwa: Uchambuzi wa Ukumbusho wa Vita Jijini Dar es Salaam

Katika kurasa za namna hii tumezoea kuchambua vitabu. Safari hii tunaomba ruhusa ya msomaji tuchambue kitu cha shaba na jiwe, nacho ni Sanamu ya Askari iliyosimama kwenye kipilefti cha Barabara ya Samora, katikati ya Dar es Salaam, ile ambayo wazee wengi wa mji huiita Bismini. Hatufanyi hivyo kwa kupenda mambo ya kale. Ukumbusho wa vita ni hotuba. Husimama mahali pa wazi kuliko mimbari yoyote, husema neno lile lile mchana na usiku, na husema juu ya mambo ambayo sisi wachungaji tumekabidhiwa: kifo, sadaka, jina la mtu, na tumaini la wale waliobaki. Hotuba hii imesemwa tangu mwaka 1927, na kwa upande wa wanatheolojia wetu haijapata jibu la kutosha.

Lililotusukuma kuandika ni swali la mwanafunzi. Tulikuwa tumewapeleka wanafunzi wa mwaka wa tatu mjini kwa somo la historia ya Kanisa. Tulianzia Azania Front, kanisa lililojengwa wakati wa Wajerumani likitazama bandari, kisha tukapanda kwa miguu hadi penye sanamu. Tukamwomba mmoja wao asome maandishi ya Kiswahili kwa sauti. Alisoma vizuri, kama mtu aliyezoea kusoma somo la Agano la Kale siku ya Jumapili. Alipomaliza aliizunguka nguzo yote, upande kwa upande, magari yakimpigia honi, kisha akarudi akauliza, "Mchungaji, majina yenyewe yako wapi?" Tukamjibu kwamba hayapo. Akasema, "Basi wameahidi kitu gani?" Pale barabarani hatukuwa na jibu la kumpa.

Historia ya mahali pale inajulikana, nasi tutaipitia kwa haraka. Kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza palisimama sanamu ya Hermann von Wissmann, aliyevunja upinzani wa watu wa pwani na baadaye akawa Gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Chini ya miguu yake alikuwapo askari Mwafrika akimtazama bwana wake kwa macho ya kuinua, na simba aliyelala mfu. Waingereza walipoingia Dar es Salaam mwezi Septemba 1916 waliiondoa sanamu hiyo. Ikachukuliwa Uingereza, ikapelekwa baadaye Hamburg, na huko wanafunzi wa chuo kikuu wakaiangusha katika miaka ya 1967 na 1968. Mahali pake hapa kwetu pakawekwa, mwaka 1927, sanamu tunayoiona leo, kazi ya mchongaji Mwingereza James Alexander Stevenson. Ni askari wa King's African Rifles, ameinama kidogo mbele, bunduki mkononi, singe yake ikielekea upande wa bandari.

Tuwe wa haki kwa kazi hii. Kama sanaa, ni njema. Uzito wa mwili uko kwenye mguu wa mbele, mabega yamekaza, uso hauna woga wala kiburi. Huyu si yule wa chini ya miguu ya Wissmann. Hakuna Mzungu juu yake. Amesimama peke yake juu ya jiwe, na mtu apitaye hulazimika kuinua macho kumtazama yeye, Mwafrika. Kwa mwaka 1927, katika mji uliotawaliwa na wageni, jambo hilo si dogo, na wale wasemao kwamba sanamu hii ni fedheha tupu hawajaitazama vizuri.

Lakini askari huyu hana mzigo, na katika vita vya Afrika Mashariki mzigo ndio uliokuwa vita yenyewe. Nchi haikuwa na barabara za kutosha. Reli zilikuwa chache. Farasi, nyumbu na ng'ombe walikufa kwa ndorobo. Kila risasi iliyopigwa Mahenge au Newala ilifika huko juu ya kichwa cha mtu. Waingereza pekee waliandikisha takriban watu milioni moja kwa kazi ya uchukuzi, katika makoloni yao na katika nchi waliyoiteka. Wengi hawakujitolea. Katika Kenya ilitungwa sheria ya kuwalazimisha mwaka 1915, na mwaka 1917 walikusanywa kwa wingi mkubwa, wilaya baada ya wilaya. Takwimu rasmi za Waingereza zinahesabu wachukuzi zaidi ya 95,000 waliokufa, na wanahistoria wengi huona kwamba hesabu hiyo ni pungufu. Wachache waliuawa kwa risasi. Waliobaki waliuawa na kuhara damu, malaria, kichomi, na unga wa mahindi ambao haukupata muda wa kuiva kwa watu ambao matumbo yao hayakuuzoea. Upande wa Wajerumani, majeshi ya von Lettow-Vorbeck yalikuwa na wachukuzi wao, na hesabu yao iliwekwa vibaya zaidi, kwa kuwa majeshi hayo yalijilisha kutoka vijiji yalivyopita hadi yalipoweka silaha chini huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala, tarehe 25 Novemba 1918. Tena hatujawataja wale ambao hawakubeba chochote bali walinyang'anywa chakula. Wagogo hawajaisahau njaa iliyoitwa Mtunya, iliyowaua watu wapatao 30,000 baada ya majeshi yote mawili kuchukua ng'ombe, nafaka na vijana wao.

Kwa hiyo kumweka askari peke yake juu ya nguzo ni kusema habari ya vita kwa namna fulani: kwamba vita ni mtu mwenye bunduki. Mchongaji mwenyewe alijua zaidi ya hayo. Mwaka uliofuata, 1928, kazi yake nyingine iliwekwa Nairobi, na huko wanaume ni watatu, mmojawapo mchukuzi asiye na bunduki. Tofauti hii si ya kupuuza. Mwanafunzi wa Agano Jipya anajua kwamba mwinjilisti mmoja akiacha jambo ambalo mwenzake amelitaja, twapaswa kuuliza maana ya kuacha huko. Hapa Dar es Salaam mchukuzi ameachwa katika shaba, akatajwa katika maandishi tu, chini, mahali pa kusomwa na yule atakayethubutu kuvuka barabara.

Tuje basi kwenye maandishi. Yako kwa Kiingereza, kwa Kiswahili, na kwa herufi za Kiarabu, na yalitungwa na Rudyard Kipling, mwandishi mashuhuri wa dola ya Waingereza. Yanawataja askari wenyeji waliopigana, kisha wapagazi, ambao yanawaita miguu na mikono ya jeshi, kisha watu wengine wote waliokufa wakimtumikia mfalme na nchi zao. Mwishoni yanamwambia msomaji kwamba mtu aipiganiaye nchi yake, hata akifa, watoto wake watalikumbuka jina lake.

Msomaji wa kurasa hizi hawezi kusikia habari ya miguu na mikono bila kukumbuka sura ya 12 ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho. Kama Kipling alikusudia hivyo au hakukusudia, si neno kubwa. Mtu aliyelelewa kwa lugha ya Biblia ya Kiingereza huisema hata bila kujua. Neno kubwa ni kile ambacho mfano huo unadai ukisha kutumiwa. Mtume Paulo hakutaja mguu na mkono ili kuonyesha kwamba viko chini ya kichwa. Alivitaja kwa sababu viungo vilivyodhaniwa kuwa dhaifu ndivyo visivyoweza kukosekana, na vile visivyo na heshima ndivyo vinavyopaswa kuvikwa heshima zaidi. Mungu, asema Mtume, ameuunganisha mwili kwa namna ya kukipa heshima iliyozidi kile kilichopungukiwa. Sasa tutazame nguzo ya Barabara ya Samora. Maandishi yamekiri kwamba wachukuzi walikuwa viungo vya mwili ule. Shaba imekivika heshima kiungo kimoja tu, kile kilichokuwa tayari na sare, na vifungo, na cheo. Miguu na mikono imebaki uchi. Hatudhani kwamba tunamwonea mtunzi kwa kumpima kwa Paulo. Yeye ndiye aliyeuchukua mfano, na mfano wa Maandiko ukichukuliwa huja na madai yake.

Na je, mfalme yupi, na nchi ipi? Mfalme wa maandishi yale ni George wa Tano. Lakini sanamu imewekwa katika mji ambao hadi Septemba 1916 ulikuwa wa Kaiser, na ambao vijana wake wengi walikuwa upande wa pili wa bunduki. Katika ukoo mmoja wa nchi hii twaweza kumkuta kaka aliyechukua mzigo wa Wajerumani na mdogo wake aliyechukuliwa na Waingereza mwaka mmoja baadaye, kila mmoja akisukumwa na mtu asiyejua lugha yake. Hakuna kati yao aliyeulizwa juu ya haki ya vita. Martin Luther, katika kijitabu chake cha mwaka 1526 kuhusu swali kama askari nao waweza kuokolewa, alikubali kwamba kazi ya upanga yaweza kuwa huduma kwa jirani, na Ungamo la Augsburg katika kifungu cha 16 linakubali vivyo hivyo. Ila Luther aliongeza jambo ambalo halisomwi sana: kwamba askari ajuaye hakika kuwa bwana wake anapigana vita visivyo vya haki amtii Mungu kuliko bwana wake, hata akipoteza mali na heshima. Fundisho hilo linamdhania mtu ambaye dhamiri yake imeulizwa. Mchukuzi aliyefungwa kamba shingoni asitoroke hakupewa hata nafasi ya kukosea. Kumwambia baada ya kifo chake kwamba aliipigania nchi yake ni kumvika dhamiri ya mtu mwingine.

Twafika sasa kwenye ahadi iliyomsumbua mwanafunzi wetu, nayo ndiyo kiini cha makala hii. Maandishi yanaahidi kwamba jina litakumbukwa. Hakuna jina hata moja.

Ingekuwa rahisi kusema kwamba mtunzi hakujali. Ukweli ni mgumu zaidi, na kwa mchungaji ni wa kuhuzunisha zaidi. Kipling alikuwa na mwana mmoja tu wa kiume, John, aliyepotea katika vita vya Loos, Ufaransa, mwezi Septemba 1915, akiwa kijana wa miaka 18. Baba alitafuta habari zake kwa miaka, asipate mwili. Baadaye akawa mshauri wa lugha wa tume ya makaburi ya vita ya dola ya Waingereza, na ni yeye aliyechagua, kwa ajili ya mawe makubwa ya ukumbusho yaliyowekwa katika makaburi hayo, neno kutoka kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 44, linalosema kwamba jina la hao waishi hata vizazi vyote. Jina la John likaandikwa ukutani huko Loos pamoja na maelfu ya wenzake wasio na kaburi. Mtu huyu, basi, alijua kuliko wengi jina lililochongwa ni nini kwa mzazi asiye na kaburi la kuliendea. Na mtu huyo huyo, alipoombwa maneno kwa ajili ya Waafrika, aliandika kwamba watoto watakumbuka. Kwa Waingereza, jiwe litakumbuka. Kwa Waafrika, kazi hiyo waliachiwa watoto.

Sisi Walutheri hatuvihesabu vitabu vya Deuterokanoni sawa na Maandiko Matakatifu, ingawa Luther alivisifu kuwa vyafaa kusomwa. Safari hii vimefaa kweli, kwa maana aya chache tu kabla ya ile aliyoichagua Kipling, sura hiyo hiyo inawataja wengine: wale wasio na ukumbusho, waliopotea kana kwamba hawakuzaliwa kamwe. Mtunzi wa maandishi yetu alikuwa na sura nzima mbele yake.

Tena haikuwa kazi yake peke yake. Maofisa wa serikali na wa tume ile waliandikiana barua katika miaka ya 1920 wakisema kwamba wenyeji wengi hawana hisia kuhusu kuweka alama makaburini, kwamba hawataelewa jiwe lenye jina, na kwamba ukumbusho mmoja wa jumla watosha. Wamewahi kuzika katika nchi hii watu hao? Yeyote kati yetu aliyefanya kazi ya uchungaji kijijini anajua jinsi ukoo unavyoweza kugombana kwa siku tatu juu ya mahali pa kumlaza marehemu, na jinsi mama asiyejua kusoma atakavyokuonyesha, bila kusita, mahali alipozikwa mtoto wake kabla ya mti ule haujapandwa. Askari na maofisa wa Kiingereza na Kihindi waliokufa katika vita hivyo hivyo wana majina yao katika makaburi ya vita ya Dar es Salaam. Kilichoamua nani aandikwe na nani asiandikwe kilikuwa rangi na cheo, si ukosefu wa hisia. Mwezi Aprili 2021 tume yenyewe, ambayo leo huitwa Commonwealth War Graves Commission, ilitoa taarifa ikikiri hivyo: kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda kufikia 350,000, wengi wao wa Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza aliomba radhi bungeni.

Kuna watakaosema kwamba orodha zilipotea. Nyingine zilipotea kweli. Lakini mwezi Januari 2025 huko Cape Town ulizinduliwa ukumbusho wa Waafrika Kusini weusi 1,772 waliofia Afrika katika kazi za uchukuzi na za mikono, wengine wao katika vita vyetu hivi vya Afrika Mashariki. Kila mmoja ana nguzo yake ya mti, na juu yake jina lake. Majina yalikuwamo katika makaratasi muda wote huo. Hakuna aliyekuwa ameyatafuta.

Hapa baadhi ya wenzetu husema: kama ndivyo, sanamu ing'olewe, kama ile ya Wissmann ilivyong'olewa. Sisi hatukubali. Katika Yoshua sura ya 4, mawe kumi na mawili yanasimamishwa Gilgali ili watoto wapate kuuliza maana yake. Jiwe halitoi jibu lenyewe. Humpa mtoto nafasi ya kuuliza na kumlazimisha baba kujibu. Sanamu yenye kasoro yaweza kufanya kazi hiyo vizuri, pengine hata kuliko isiyo na kasoro, kwa maana ni kasoro yake iliyomfanya mwanafunzi wetu aizunguke nguzo. Ikiondolewa, hataizunguka mtu. Hasara ya kweli ingekuwa baba asiye na jibu.

Katika mjadala wa Heidelberg wa mwaka 1518, Luther alitofautisha mwanatheolojia wa utukufu na mwanatheolojia wa msalaba kwa jambo hili: wa kwanza huita ubaya wema na wema ubaya, wa pili hukiita kila kitu kwa jina lake halisi. Wanafunzi hulijibu swali hili vizuri katika mtihani. Nguzo ya Barabara ya Samora ni mtihani wa pili. Kukiita kitu kwa jina lake hapa ni kusema kwamba wengi wa watu hawa hawakutoa maisha yao, bali yalichukuliwa. Kwamba mishahara ya maelfu yao haikuwafikia ndugu zao kamwe. Na kwamba hata hivyo walikuwa watu wa heshima, waliogawana maji, waliobebana wakiugua, na ambao utu wao haukutegemea ubora wa vita walivyoingizwa. Mwanatheolojia wa utukufu hushindwa hapa kwa njia mbili. Ama huwafanya wote mashujaa ili vita vipate kusafishwa, ama huwafanya wote wahanga tu, wasio na uso. Msalaba hauruhusu lolote kati ya hayo, kwa kuwa aliyetundikwa pale alihukumiwa na dola, akabebeshwa mzigo hadi nje ya mji, na bado ana jina.

Kanisa letu nalo lisijitoe katika habari hii kana kwamba lilikuwa mtazamaji. Wamisionari Wajerumani walipowekwa kizuizini, sharika ziliachwa mikononi mwa walimu na wazee Waafrika, na hao ndio waliozika, waliobatiza, na walioona vijana wa madarasa ya ubatizo wakichukuliwa kwa kamba. Twawasifu walimu hao katika historia zetu, na ni haki. Vijana wale hatuwataji. Katika Kanisa Anglikana, Askofu Frank Weston wa Unguja aliunda mwaka 1916 kikosi cha wachukuzi kutoka visiwani akakiongoza mwenyewe, akitembea nao kwa miguu, na baada ya vita alipigia kelele kazi ya kulazimishwa katika Kenya chini ya serikali ile ile aliyoitumikia. Mtu aweza kuuliza kama ilimpasa askofu kuwa na cheo cha meja. Sisi tunadhani haikumpasa. Lakini aliona miguu ile kwa macho yake, na hakunyamaza.

Mji wenyewe, bila kamati na bila shaba, uliwawekea wachukuzi ukumbusho mkubwa kuliko wa Waingereza. Mahali palipokuwa kambi ya kikosi chao pangali paitwa Kariakoo, kutokana na jina la Kiingereza la kikosi hicho, na Nairobi iko Kariokor. Kila siku maelfu hupanda daladala za kwenda huko kununua nguo na vitunguu, wakilitamka jina la jeshi la wafu bila kujua. Hatusemi hivyo kwa kuwalaumu. Hata sisi tulikuwa watu wazima tulipoambiwa.

Na ile ahadi ya watoto? Kwa sehemu ilitimia, ingawa si kwa mkono wa aliyeiahidi. Katika ukoo wetu kuna jina ambalo hupewa mtoto wa kiume wa pili. Bibi yetu alitufundisha kwamba ni la kaka wa babu yake, aliyeondoka na mzigo wa Wajerumani asirudi. Alikufa wapi hajui mtu. Jina lilirudi, likabatizwa, na leo linaandikwa katika daftari la shule. Mila zetu za kurithisha majina zilifanya kazi ambayo serikali mbili zilishindwa kuifanya. Lakini kaka yule alikuwa na ndugu wa kulirudisha jina lake. Wachukuzi wengi walikuwa vijana wasiooa, na katika njaa na homa ya mafua ya 1918 nyumba nyingine zilifungwa kabisa. Kwa hao maandishi ya nguzo hayana neno lolote, maana yanategemea watoto, nao hawakuwa na watoto. Ni hapa Isaya sura ya 56 inapokuwa Injili kweli. Nabii anamwambia towashi, ambaye ni mti mkavu, kwamba Bwana atampa ndani ya nyumba yake na kuta zake ukumbusho na jina lililo jema kuliko wana na binti, jina la milele lisilokatiliwa mbali. Kipling aliahidi wana. Bwana anaahidi kitu kilicho bora kuliko wana, na anakiahidi kwa mtu ambaye hatakuwa nao kamwe, tena mahali pa kukiwekea ni nyumba yake Mungu mwenyewe.

Nyumba yake, ndani ya kuta zake: maneno hayo yanatuhusu sisi wenye funguo za makanisa. Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, viongozi wa dini huitwa kuomba baada ya mkuki na ngao, sime, upinde na mashada ya maua kuwekwa penye mnara. Tumewahi kusimama katika ibada ndogo ya namna hiyo mkoani, na tunakiri kwamba tuliomba kama nguzo ya Samora: tukawataja waliopigana kwa ushujaa, tukaomba amani, tukaketi. Ilikuwa sala nzuri, na hakukuwa na mchukuzi ndani yake. Mzee mmoja alitushika mkono baadaye, akasema tu kwamba baba yake alikuwa amebeba masanduku ya risasi hadi Rufiji. Hakulalamika. Tangu siku hiyo tunamwona kila tuandikapo sala.

Hatuna uwezo wa kuongeza majina kwenye nguzo ya serikali, na huenda si kazi yetu. Sharika zina daftari zao, na nyingine za zamani zina mistari ambayo karani aliandika kuwa fulani amekwenda vitani, pasipo kuandika kwamba amerudi. Zina wazee wanaokumbuka waliyoambiwa na wazazi wao, nao wanapungua kila mwaka. Jumapili ya mwisho ya mwaka wa Kanisa, ambayo baadhi ya sharika zetu huwakumbuka waliolala katika mwaka, ingeweza kuwa na nafasi ya dakika tano kwa majina hayo, yasomwe polepole, pamoja na jina la kijiji. Wengine wataona ni kuwaombea wafu. Kusoma jina la mtu mbele ya Mungu anayelijua tayari si kuwaombea wafu. Ni kukiri Kanuni ya Imani pale inaposema juu ya ushirika wa watakatifu na ufufuo wa mwili. Na wale waliokufa bila kubatizwa? Swali hili tuliulizwa na mwenzetu katika mkutano wa walimu, kwa uzito. Sisi tunajibu kwamba hatuwasomi ili kuwagawa. Tunawasoma kwa sababu walikuwa majirani zetu, na aliyewaumba ndiye hakimu.

Mwanafunzi wetu alirudi baada ya likizo akiwa na karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Alikuwa amewaendea wazee wa vijiji vitatu vya kwao. Majina ni tisa. Manne yana jina la baba. Mawili yana jina la mahali walikoonekana mara ya mwisho. Moja ni jina la utani tu, kwa kuwa jina lake halisi halikumbukwi na yeyote. Tumeiweka karatasi hiyo katika jalada kwenye maktaba ya chuo, na tunawaomba wasomaji wenye majina kama hayo watuletee.